Ufuta Unakwenda, Sukari Inakuja

Msimu wa ufuta unapoingia, njia panda ya Nangurukuru, wilayani Kilwa, hupitisha mizigo ya aina mbili. Yako malori yanayotoka, yamebeba ufuta wa Kilwa, Ruangwa na Liwale uliokwisha kupimwa kwenye maghala ya ushirika na kuuzwa mnadani, safari ya bandarini na kisha ng'ambo. Na yako malori yanayoingia kutoka Dar es Salaam, yakishusha duka baada ya duka: magunia ya sukari, unga wa ngano, katoni za soda na vinywaji vya kuongeza nguvu, biskuti, juisi za unga, tambi za pakiti. Miezi michache baadaye huwa ni zamu ya korosho, na mambo huwa yaleyale.

Biashara hii ina faida na sina nia ya kuibeza. Kwa fedha ya ufuta watu wameezeka bati, wamesomesha watoto, wamenunua mashine za boti. Lakini tuitazame pia kwa jicho la afya. Kinachotoka ni chakula chenye protini, mafuta mazuri, madini na nyuzinyuzi. Gramu 100 za ufuta peke yake zina karibu gramu 18 za protini. Kinachoingia kwa sehemu kubwa ni utamu na wanga uliokobolewa. Tunauza kinachojenga mwili, na fedha tunayopata tunanunulia kinachouchosha.

Hoja yangu ni kwamba kisukari na presha vinavyobisha hodi majumbani mwetu, kuanzia Somanga hadi Mchinga, vimekuja kwa njia hiyo ya biashara. Kumkemea mgonjwa kwamba ni mlafi hakutaviondoa. Inabidi tuyaguse mabadilishano yenyewe: nini kinabaki jikoni, nini kinauzwa kwenye lango la shule, na fedha ya mazao inarudi vipi kumlinda aliyeyalima.

Kazi ya sukari mwilini

Sukari tunayotia kwenye chai imeundwa na vitu viwili, glukosi na fruktosi, nusu kwa nusu. Glukosi huingia kwenye damu, kongosho likatoa insulini, na insulini ikaiwezesha misuli kuipokea na kuitumia. Fruktosi kwa sehemu kubwa hushughulikiwa na ini. Ikija taratibu, kama inavyokuja ndani ya embe au chungwa pamoja na nyama na nyuzinyuzi zake, ini linaimudu. Ikija kwa mkupuo, kama ndani ya soda inayomalizwa kwa dakika tano, ini huigeuza ziada kuwa mafuta. Mafuta hayo mengine hubaki ndani ya ini lenyewe, mengine humwagika kwenye damu, mengine hujikusanya tumboni kuzunguka viungo vya ndani.

Miaka ikienda hivyo, ini na misuli huacha kuisikia insulini. Kongosho huongeza juhudi, hutoa insulini zaidi na zaidi, hadi linaelemewa. Hapo sukari hubaki kwenye damu na kuanza kuharibu mishipa midogo ya macho, figo na miguu, na mwenye mwili hasikii maumivu yoyote. Unga uliokobolewa, uwe sembe au ngano, huongeza mzigo huohuo kwa sababu pumba na kiini vimeondolewa, na wanga uliobaki hugeuka glukosi upesi.

Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mwaka 2015: sukari ya kuongezwa isizidi asilimia 10 ya nguvu yote ambayo mtu hupata kwa siku, na ikiwezekana iwe chini ya asilimia 5. Kwa mtu mzima wa kawaida, asilimia 10 ni karibu gramu 50, yaani vijiko 12 vya chai. Asilimia 5 ni vijiko 6. Sasa tuhesabu siku ya kawaida ya mtu wa Kilwa Masoko. Vikombe vitatu vya chai, kila kimoja vijiko vitatu: vijiko tisa. Soda moja ya mililita 350 mchana: vijiko vingine tisa. Huyu amekwisha kufika 18, na bado hatujahesabu andazi la asubuhi, kashata ya jioni, wala juisi ya harusini. Kijana wa bodaboda anayekesha kwa vinywaji vya kuongeza nguvu anaweza kuvuka kiwango hicho kabla ya adhuhuri.

Sukari ya kunywa ina ubaya wake wa ziada, kwamba haishibishi. Mtu akila muhogo wa kuchemsha mwingi, tumbo humwambia basi. Akinywa soda mbili, chakula cha mchana atakila kama vile hakunywa kitu.

Kusindika kwa aina mbili

Pwani yetu haikuanza jana kusindika chakula. Ng'onda ni samaki aliyesindikwa kwa chumvi na jua. Makopa ni muhogo uliosindikwa ili uvuke msimu. Tui la nazi na togwa vimepitia mikono ya watu. Hivyo si vyakula vya kuogopwa. Mtaalamu wa afya ya jamii wa Brazili, Carlos Monteiro, na wenzake walitenganisha usindikaji wa namna hiyo na usindikaji wa kiwandani wa kupindukia, ambao huchukua wanga, sukari na mafuta yaliyochujwa, ukayachanganya na rangi, harufu na ladha za kutengeneza, ukatoa kitu kinachokaa rafuni miezi na kinacholiwa kwa urahisi kupita kiasi.

Urahisi huo umepimwa. Mwaka 2019 mtafiti Kevin Hall wa Marekani alichapisha matokeo ya jaribio la watu 20 waliokaa kituoni, wiki mbili wakila vyakula vya viwandani vya namna hiyo, wiki mbili wakila vyakula vya kawaida. Milo yote miwili iliandaliwa kwa viwango sawa vya sukari, mafuta, chumvi na nyuzinyuzi, na kila mtu aliruhusiwa kula apendavyo. Walipokuwa kwenye vyakula vya viwandani walikula takribani kalori 500 zaidi kila siku, na waliongezeka karibu kilo moja ndani ya wiki hizo mbili. Walipohamia kwenye chakula cha kawaida, walipungua kiasi hichohicho.

Kuna ushahidi wa karibu zaidi. Aprili 2025 jarida la Nature Medicine lilichapisha utafiti uliofanywa mkoani Kilimanjaro na watafiti wa hospitali ya KCMC ya Moshi na Chuo Kikuu cha Radboud cha Uholanzi. Walishiriki wanaume 77 wenye afya njema. Baadhi ya watu wa vijijini, waliozoea chakula cha asili chenye mboga, kunde, nafaka nzima na ndizi, walihamishiwa kwenye chakula cha kizungu cha viwandani kwa wiki mbili. Baadhi ya watu wa mjini walipelekwa upande wa pili, kwenye chakula cha asili. Kundi jingine la mjini lilikunywa mbege, kinywaji cha ndizi kilichochacha, kwa wiki moja. Waliohamia kwenye chakula cha viwandani, damu yao ilionyesha dalili za uvimbe wa ndani kupanda, na kinga yao ya mwili ikafanya kazi vibaya zaidi. Waliohamia kwenye chakula cha asili, dalili hizo zilipungua, na baadhi ya mabadiliko yalikuwa bado yanaonekana wiki nne baadaye. Uvimbe huo wa ndani, usioonekana kwa macho, ndio unaotengeneza njia ya kisukari na maradhi ya moyo. Wiki mbili tu zilitosha kuugusa, kwa uzuri na kwa ubaya.

Kilwa haina mbege, na waliopimwa walikuwa wanaume wa Kilimanjaro. Lakini kunde, mboga za majani, nafaka isiyokobolewa na mazao yaliyochacha tunavyo, na sioni sababu ya mwili wa mtu wa Kilwa Kivinje kutofautiana na wa mtu wa Moshi kwa jambo hili.

Tumetoka wapi

Mwaka 1989 jarida la Lancet lilichapisha kazi ya Donald McLarty na wenzake wa Muhimbili, waliopima watu zaidi ya 6,000 katika vijiji sita vya Tanzania. Wenye kisukari hawakufika hata asilimia 1. Utafiti uliochapishwa mwaka 2000 ulilinganisha Ilala ya Dar es Salaam na kijiji kimoja cha Kilimanjaro: mjini kisukari kilikuwa karibu asilimia 6, kijijini chini ya asilimia 2. Upimaji wa kitaifa wa mwaka 2012 kwa watu wa miaka 25 hadi 64 ukakuta asilimia 9 wenye sukari ya juu na zaidi ya robo wenye presha. Makundi na njia za kupima hazikuwa zilezile, kwa hiyo tarakimu hizi zisilinganishwe neno kwa neno. Mwelekeo wake, hata hivyo, hauna utata.

Kusini tulichelewa kidogo kwa sababu moja kubwa: barabara. Kabla ya Daraja la Mkapa kufunguliwa mto Rufiji mwaka 2003, na kabla ya lami ya Ndundu hadi Somanga kukamilika, masika yalitosha kututenga na nchi nzima kwa wiki kadhaa. Hakuna anayetamani kurudi huko. Kimbunga Hidaya kilipopiga Mei 2024 na maji yakabomoa barabara ya Kilwa, tulikumbushwa thamani ya lami hiyo. Lakini barabara iliyoleta dawa na walimu ililetea pia kila kibanda cha kijijini soda ya baridi, na hatukujiandaa kwa hilo.

Mkono wa sukari kwenye pwani hii ni wa zamani kuliko lami. Septemba 1776 mfanyabiashara wa Kifaransa aitwaye Morice alitiliana mkataba na Sultani wa Kilwa wa kuuziwa watumwa 1,000 kila mwaka. Walipelekwa visiwa vya Bahari ya Hindi ambavyo leo ni Mauritius na Réunion, mahali ambapo katika karne iliyofuata muwa ulitawala ardhi na maisha ya watu. Babu zetu walipelekwa kulima utamu wa wengine. Mwaka 1947 Waingereza walikuja na mradi wa karanga, na Nachingwea, huku kusini, ikawa mojawapo ya maeneo yake. Nia ilikuwa kupata mafuta ya kutengenezea majarini kwa ajili ya Uingereza iliyokuwa imebanwa na uhaba baada ya vita. Mapori yakang'olewa kwa matrekta, na mwaka 1951 mradi ukafa, ukiacha hasara ya mamilioni ya pauni. Mara zote mbili kusini hii ilitakiwa itoe watu au malighafi kwa ajili ya meza ya mtu mwingine. Leo hatulazimishwi na yeyote, ila mpangilio umebaki uleule: malighafi inatoka, na kilichopitia kiwandani kinaingia.

Uhaba huohuo wa Uingereza umetuachia somo kubwa. Sukari iligawiwa kwa kipimo nchini humo hadi Septemba 1953, mtu mzima akipata karibu gramu 40 kwa siku. Mgao ulipoondolewa, matumizi yalipanda haraka hadi karibu gramu 80. Mwaka 2024 watafiti walichapisha katika jarida la Science ulinganisho wa watu waliotungwa mimba na kulelewa wakati wa mgao na waliozaliwa muda mfupi baadaye. Waliopitia siku zao 1,000 za mwanzo na sukari kidogo, tumboni na baada ya kuzaliwa, walipata kisukari cha ukubwani kwa kiwango cha chini kwa takribani asilimia 35, na presha kwa asilimia 20. Watu hao walikuwa wanapimwa wakiwa na umri wa miaka hamsini na kitu hadi sitini na kitu. Kijiko cha utotoni kilikuwa bado kinahesabiwa.

Jambo hili linatuhusu moja kwa moja, maana Tanzania bado ina watoto wengi waliodumaa, asilimia 30 ya walio chini ya miaka mitano kwa utafiti wa 2022. Mtoto aliyekosa lishe tumboni na utotoni, akakulia kwenye soda na biskuti, mwili wake uliojengwa kwa uhaba hukutana na wingi usioumudu. Mzigo huo una pande mbili, na sisi tunabeba pande zote mbili kwa pamoja.

Maneno ya kujibiwa

Wapo wanaosema kisukari ni ugonjwa wa matajiri wanene wa mjini. Si hivyo tena. Wako wagonjwa wengi wembamba Afrika, na gharama yake huwaumiza zaidi maskini. Fikiria wanawake wa Songo Songo wanaotembea juu ya matumbawe maji yakitoka, wakitafuta pweza. Kisukari kisichotibiwa hutia nyayo ganzi. Mtu anakatwa na tumbawe na hasikii, kidonda kinaoza kabla hajakitazama. Mguu ndio mtaji wake wa kazi, na akikatwa mguu, nyumba nzima imekatwa.

Wapo wanaosema sukari ndiyo nguvu rahisi ya maskini: mvuvi anayetoka saa tisa usiku anapata chai na andazi kwa fedha kidogo, na anakwenda kazini. Hili ni kweli, na ndiyo sababu sitaki kumlaumu mvuvi. Lakini muhogo wa kuchemsha kwa tui na dagaa, au ming'oko, mizizi ya porini ambayo akina mama wa kusini huchimba na kuichemsha, humpa nguvu inayodumu saa nyingi kuliko andazi. Kilichobadilika ni kwamba andazi limeshapikwa njiani, na muhogo lazima aupike mtu. Kwa hiyo jawabu lake lianzie kwa mama lishe wa ferini, kwenye kuni na mtaji wake, ili muhogo na kunde viwe tayari saa ile mvuvi anayovihitaji.

Wapo watakaosema chakula chetu cha asili nacho kina wanga mwingi. Ni kweli pia. Ugali wa muhogo mtupu, sahani iliyojaa, bila mboga wala kitoweo, hausaidii sana. Chakula cha pwani kilikuwa na afya kwa sababu ya mchanganyiko wake: kisamvu, mlenda, matembele, choroko, samaki, ufuta wa kusaga, na mwili uliofanya kazi kutwa. Tukirudisha muhogo bila kurudisha mboga na kunde, tumerudisha nusu.

Na iko heshima. Kwetu chai isiyo na sukari huonekana kama kumnyima mgeni. Mwanzoni mwa 2024 mvua zilipokwamisha viwanda na kilo ya sukari ikapita shilingi 4,000 sehemu nyingi, nchi nzima ilizungumza habari hiyo, na Serikali ikafungua milango ya kuagiza nje. Hatujawahi kuona mshituko wa namna hiyo kwa kukosekana kunde au mboga sokoni. Ukarimu wetu ni kitu cha thamani, na unaweza kukaa kwenye iliki, tangawizi na mdalasini, kwenye dafu lenye sukari kidogo sana kuliko soda, na kwenye bakuli la sukari lililowekwa mezani ili kila mgeni ajitilie mwenyewe.

Nini kifanyike

Nyumbani tuanze na vinywaji, maana ndiko sukari nyingi iliko na ndiko kupunguza ni rahisi. Vijiko vitatu viwe viwili, kisha kimoja. Ulimi huzoea ndani ya wiki chache. Mtoto asipewe soda wala juisi ya pakiti kabla ya miaka miwili, na uji wake usitiwe sukari. Ukitiwa ufuta au karanga za kusaga unatosha kwa ladha na kwa lishe. Kila mkulima wa ufuta abakize madebe kadhaa ya nyumbani kabla ya kupeleka ghalani. Tununue dona badala ya sembe. Ramadhani, wanaotandika futari na wanaohutubia misikitini wasaidie kusema kwamba kufuturu kwa tende, maji na magimbi kunatosha, na kwamba jagi la juisi ya unga halina ulazima.

Tupime. Mficha maradhi kifo humuumbua, na ugonjwa huu hujificha wenyewe bila kusaidiwa. Kila mwenye miaka 40 na kuendelea ajue sukari yake, presha yake na mzunguko wa kiuno chake. Kiu isiyoisha, kukojoa mara kwa mara usiku, ganzi ya miguu na kidonda kisichopona ni sababu za kwenda zahanati leo, kabla ya kwenda kwa mganga.

Taifa nalo lina la kufanya. Afrika Kusini ilianza mwaka 2018 kutoza vinywaji kwa kila gramu ya sukari inayozidi 4 katika mililita 100, na watengenezaji wakapunguza sukari ili kukwepa tozo. Mexico ilitangulia na kodi yake mwaka 2014. Chile tangu 2016 inalazimisha alama nyeusi kwenye pakiti yenye sukari, chumvi au mafuta ya kupindukia, na inakataza vyakula hivyo visiuzwe shuleni. Tanzania inaweza kutoza kwa gramu ya sukari, na inaweza kuweka alama ambayo hata asiyejua kusoma ataielewa.

Lakini hatua iliyo karibu nasi zaidi iko kwenye halmashauri zetu. Halmashauri hukusanya ushuru wa mazao kwenye kila kilo ya ufuta na korosho inayouzwa. Ushuru huo ni jasho la watu walewale wanaorudi majumbani na soda na sembe. Napendekeza sehemu yake itengwe rasmi, kwa jina na kwa kiasi, kwa mambo matatu: vitendanishi vya kupima sukari katika kila zahanati visivyokatika mwaka mzima, chakula cha mchana shuleni kinachopikwa kwa dona, kunde, dagaa na ufuta vilivyonunuliwa kwa wakulima wa hapahapa, na usimamizi wa marufuku ya soda, pipi na juisi za unga kwenye malango ya shule. Baraza la madiwani litakapokaa kupitisha bajeti, wananchi wa Kilwa, Mtama na Lindi waulize mstari huo uko ukurasa gani. Kama haupo, wadai uwekwe, na diwani atakayeukataa aje aeleze mkutanoni, mbele ya waliomchagua, fedha ya ufuta wao imekwenda wapi.